Nywele za Kusubiri Amani

Rafiki yangu alikuwa na nywele nyingi kuliko msitu wote wa Virunga, na ndani yake, nina hakika, waliishi sokwe ambao watalii hawajawahi kuwaona. Alitembea miguu mitupu juu ya mawe ya volkano, mawe yanayokula soli za viatu vyetu kama biskuti. Shati lake alilipaka maua kwa mkono. Nyumba yake ya mbao haikuwa na kufuli, na sufuria yake ilikuwa ya yeyote aliyepita na njaa. Mtaani kwetu, hapa Goma, walimwita mwendawazimu, kisha wakaenda kula kwake.

Tulikutana shule ya jioni. Mimi nilikuwa natafuta diploma huku mvi zimeshaanza. Yeye alikuja, alisema, kwa sababu darasani kulikuwa na taa. Diploma niliipata. Yeye aliacha mwaka wa mwisho, akidai kwamba hakuona popote somo la kuishi na jirani.

Siasa yake ilikuwa ya kuchekesha. Robine ya mtaa, bomba letu la maji, ilipokauka muda mrefu, hakuchoma matairi. Alitandika mkeka pembeni yake, akaifunika robine kwa kitenge cheusi, akaanza kuililia. Wamama wakaja na nyimbo za kanisa, vijana wakaleta viti vya plastiki. Polisi walipofika na fimbo, akawaambia kwa upole, "Bapapa, muko kwenye kilio. Mutoe kofia." Wakatoa! Naapa, mmoja alijipangusa machozi. Maji yaliporudi, nilitangaza mtaa mzima kwamba marehemu amefufuka.

Lakini moyo wake ulikuwa Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Alipakia sufuria kubwa ya maharagi kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea magunia, akaisukuma hadi kule, nami nyuma nikisukuma na kulalamika. Ndiko alikotoa ahadi yake. Mwanamke mmoja alimuuliza ni lini atakata kile kichaka. Akapanda juu ya chukudu kama mheshimiwa anayeomba kura.

"Batu yangu! Hizi nywele nitazikata siku vita itaisha. Mukiniona kipara, mufunge mizigo, turudie kwetu!"

Walicheka hadi hema zikatikisika. Tangu hapo ikawa salamu. Mjane mmoja mzee, ambaye shamba lake la viazi lilibaki Masisi nyuma ya mapigano, alimvuta nywele kila tulipofika.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Basi tupatie maharagi."

Kisha mama aliyemzaa rafiki yangu akafa. Naye alikuwa amekimbia Masisi, akafia mjini katika nyumba ya kupanga, mbali na vilima vyake. Katika ukoo wao, siku ya kumaliza kilio, watoto wa marehemu wananyolewa vichwa. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa na ng'ombe wengi na sasa hana hata fimbo ya kuchungia, aliweka kiti katikati ya ua na kushika wembe.

"Kaa."

"Yaya," akamwambia kaka yake, "hizi nywele haziko zangu peke yangu. Niliziahidia batu ya kambi."

"Na mama? Hakukuwa mutu?"

"Ni yeye alikuwa anazisuka, yaya."

"Leo hayuko wa kuzisuka. Asiyenyolewa hapa, huyu mama hakumuzaa. Atoke kwetu."

Rafiki yangu akanigeukia. "Ndugu, weye uko na diploma. Ubaambie."

Nikasimama. Nilitoa Kifaransa chote nilichokuwa nacho, nikataja dhamiri, demokrasia na haki za binadamu, mpaka shangazi yao akanikata: "Papa, hapa tunanyoa. Masomo yako ni ya jioni."

Siku nyingine angekuwa wa kwanza kucheka. Alikaa kwenye kiti. Nywele zilianguka mafungu mafungu, na chini yake kikatokea kichwa kidogo, cha mtu aliyechoka, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua. Shangazi alizikusanya kwenye beseni ili zikazikwe.

Kesho yake akataka twende kambini. Watu, alisema, hawakuacha kula kwa sababu yeye amefiwa. Nilimshauri avae kofia, maana jua lilikuwa kali. Akakataa. "Acha baone niko kwenye kilio." Kwetu kila mtu anajua kusoma kichwa kilichonyolewa: kuna aliyekufa. Nasi, wajinga wawili, tulisahau kwamba kichwa chake peke yake, katika Kivu nzima, kilikuwa kimepewa maana nyingine.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwenye mstari wa maji.

"Angalieni kichwa! Vita ilisha! Vita ilisha!"

Habari ilikimbia kuliko lava. Tulipofika katikati ya kambi, bashi, yale maturubai ya hema, zilikuwa zinashushwa, wanawake wanakumbatiana, mtu anapiga sufuria kama ngoma. Rafiki yangu aliinua mikono kuwazuia, wakadhani anashangilia. Yule mjane wa Masisi alikuwa ameshang'oa nguzo zake. Mkeka na jembe vilikuwa kichwani, vimefungwa kwa kitenge.

"Papa, njia ya Sake ya kurudia Masisi ilifunguka? Nitafika mbele ya mvua ya kupanda?"

Huyu ni mtu aliyewavua polisi kofia. Safari hii sauti yake haikunifikia vizuri hata mimi niliyekuwa kando yake.

"Mama, haikuisha. Ni mama yangu alikufa."

Mjane alimtazama kichwa, akatazama barabara, akamtazama kichwa tena. Akashusha mzigo. Vigelegele vikazimika hema kwa hema, ila upande wa juu, ambako habari ilikuwa haijafika, waliendelea kuimba.

"Pole, mutoto yangu," akasema, akikishika kile kichwa kitupu kwa mikono yote miwili. "Lakini usituahidie tena kitu. Ukuje tu."

Mvua ilikuwa inashuka kutoka mlima Nyiragongo. Tulirudisha nguzo kwenye mawe, tukafunga bashi zilizochanika kwa kung'olewa mbio mbio, na maharagi yakapoa bila mtu kuyagusa. Hema nyingine hatukuziwahi kabla ya mvua. Wenyewe walikalia mizigo yao iliyofungwa, mvua ikiwapiga, na rafiki yangu akakaa katikati yao.