Si maringo, Eunike ananusa maziwa

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya migomba ya Masama, Kilimanjaro, na foleni ya ndoo imeshafika barabarani. Eunike Nkya anafungua mfuniko wa kwanza, anainama, ananusa. Haulizi habari za nyumbani wala hasifii mvua ya jana. Anachovya kipimo, anasoma, anamimina maziwa kwenye tangi, anaandika lita.

"Asante, mama," anasema kwa sauti ya chini, na kuvuta ndoo inayofuata.

Mgeni atadhani ameamka vibaya. Wanachama themanini na sita wa kituo hiki cha kukusanyia maziwa walikuwa na jina kali zaidi hadi mwaka jana. Walimwita mringaji.

"Nilijua," anasema Eunike, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka 34. "Watu wakiwa wengi maneno yananikimbia. Na nikijilazimisha kuongea, sinusi tena vizuri."

Mwandishi aliyepanda kwake na maswali ishirini aliteremka na majibu tisa. Yote yalikuwa mazuri.

Shuleni waliandika kwenye ripoti yake kwamba hana ushirikiano. Kwenye harusi hukaa jikoni akimenya ndizi. Jumapili, ibada ikiisha na mnada wa mazao ya sadaka kuanza nje ya kanisa, kelele humtoa mbio, na majirani wakahitimisha kwamba ana mkono wa birika. Hawakujua kwamba kila Jumamosi hupeleka mkungu wake wa ndizi kanisani, akauegemeza ukutani na kuondoka bila kuandikisha jina.

"Mchagga gani anakimbia mnada?" anatania mumewe, Denis, muuza mbao wa Himo. "Lakini mimi naongea kwa niaba ya wawili, kwa hiyo nyumbani hatupungukiwi."

Mwezi Julai mwaka jana maringo hayo nusura yamkoseshe kazi.

Bibi Elisifa Munuo, mwenye miaka 61 na mdomo usiojua likizo, alileta lita nane. Kipimo kilionyesha hayajaongezwa maji. Eunike akanusa, akanusa tena, akafunika. "Haya hapana, mama. Samahani," alisema, kisha akaandika kikaratasi na kukibandika juu ya mfuniko. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa pia.

Bibi Elisifa hakusoma hata kimoja. "Nilidhani ni alama ya aibu, kama ile X wanayoichora kwenye nyumba za kubomolewa," anasimulia, akijicheka mwenyewe. "Nilikibandua upesi kabla jirani hajakiona. Miwani yenyewe nilikuwa nimeiacha nyumbani."

Kwa siku hizo tatu alizunguka kijiji kizima akiuliza tangu lini pua ikawa kipimo. Wanachama arobaini na mmoja walitia saini kutaka aajiriwe mtu mchangamfu, na mkutano ukapangwa kufanyika Jumamosi. Kazi hiyo humpa Eunike shilingi laki mbili kwa mwezi, na ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipenda.

"Wiki ile niliandika maelezo yangu kila jioni," anakiri. "Denis alitaka kuniongelea mkutanoni. Nikamwambia hapana, kazi ni yangu."

Asubuhi ya nne ng'ombe wa Bibi Elisifa aligoma kukamuliwa. Kiwele kilikuwa cha moto na kimevimba. Bwana mifugo alipofika aliuliza kama hakukuwa na dalili yoyote kabla. Hapo bibi akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kikaratasi cha tatu kilichokunjamana, akatafuta miwani.

Kilisema: "Nahisi kiwele kinaumwa. Mwite bwana mifugo leo. Pole mama, nampenda sana ng'ombe wako."

"Nilikaa chini pale pale bandani," anasema Bibi Elisifa. "Nililia, aisee. Mtu niliyemtukana kijiji kizima, kumbe alikuwa ananibembelezea ng'ombe."

Ng'ombe alichomwa sindano mapema, akapona.

Jumamosi Eunike alikaa benchi la mwisho na maelezo yake kwenye karatasi. Mwenyekiti, Mzee Primus Lema, alimwita mlalamikaji, na watu wakajiweka sawa kusikiliza hotuba. Bibi Elisifa akainuka, akaipita meza kuu, akaenda moja kwa moja hadi nyuma. Mkononi alishika tawi la masale, mmea wa mipakani ambao Wachagga humpelekea mtu waliyemkosea. Anayeletewa masale hakatai kusamehe.

Akasimama mbele ya Eunike, akafungua mdomo. Halikutoka neno.

"Tumezaliwa mwaka mmoja," anasema Mzee Primus, bado akicheka. "Sijawahi kumwona Elisifa amekosa la kusema."

Eunike alilipokea tawi kwa mikono miwili, na karatasi yake ikaanguka. Ukumbi mzima ulimsubiri.

"Subiri dawa iishe mwilini mwa ng'ombe," alisema, "kisha lete ndoo, mama."

Walicheka hadi wengine wakafuta machozi, na hoja ya mtu mchangamfu haikutajwa tena. Siku hizi Bibi Elisifa huja mapema na kuwasalimia watu wote kwenye foleni, kazi aliyojipa mwenyewe, ili Eunike apate kunusa kwa raha. Vikaratasi navyo vinasomwa, tena kwa sauti.

Maziwa yameongezeka kutoka lita mia nne kwa siku hadi mia sita na ishirini, na wanachama wamemruhusu Eunike achague msaidizi. Ndoto yake ni kumfundisha mtu kazi hii mpaka aijue kama yeye. Vijana kumi na wawili wameiomba nafasi hiyo.

"Kumi na mmoja wanaongea vizuri sana," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Halafu kuna Loveness. Aliingia, akasema shikamoo, akanyamaza. Nilipogeuka nikamkuta ameinama juu ya ndoo, ananusa."

Loveness anaanza kazi Jumatatu.