Walioapa Kuwa Hawakumkimbia Ng'ombe

Kaka yangu alihukumiwa miezi sita kwa kumpiga jirani yetu fimbo ya kichwa, kijijini kwetu Mgogoni, siku ya mchezo wa ng'ombe. Kwetu jela huitwa Chuo cha Mafunzo, na mama alipoisikia hukumu alisema mwanawe keshasoma, hana haja ya chuo kingine. Alitania, lakini chakula kilimshinda. Tukakata rufaa, kaka akapewa dhamana.

Asiyeujua mchezo wetu nimwambie: ng'ombe hufungwa kamba ndefu, zumari hulia, vijana humchokoza kwa nguo. Mwaka ule kamba ilikatika, uwanja mzima ukatimka. Mimi nilijikuta ndani ya shamba la mihogo, kiatu kimoja mguuni na kanga ya mtu mwingine begani. Tuliporudi, jirani alikuwa chini, damu inamtoka kisogoni. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amegombana na kaka juu ya mpaka wa shamba, basi hakuwaza mara mbili. "Ni yeye!" akasema.

Mashahidi watatu wakaapa kuwa walimwona kaka akipiga. Kaka akamuuliza kila mmoja mahakamani, "Kamba ilipokatika, wewe ulikuwa wapi?" Mpemba atakiri mengi, lakini si kumkimbia ng'ombe, maana wanawake watamtungia wimbo na atazeeka nao. Wa kwanza akajibu, "Nkimbie miye, ntu nzima? Nlisimama papo hapo." Wa pili naye eti alisimama. Wa tatu, ambaye mimi nilimkanyaga mgongo kule kwenye mihogo, alisimama hata jicho hakupepesa. Niliyasema hayo kizimbani, hakimu akaona dada lazima amtetee kaka yake. Akahesabu vichwa, akamtia kaka hatiani.

Kwenye rufaa wakili wetu hakuleta jipya. Alisoma tu maneno ya jirani mwenyewe kutoka kesi ya kwanza: "Kamba ilipokatika tulikimbia sote, hakubaki mtu. Nikapigwa kwa nyuma, nikaanguka."

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "ushahidi haupimwi kwa wingi wa midomo. Kama hakubaki mtu, hawa watatu walisimama wapi? Na aliyepigwa kwa nyuma huku akikimbia, alimwonaje aliyempiga?"

Jaji, nadhani naye alishawahi kukimbia mahali, alijifunika uso kwa jalada mpaka mabega yakatulia. Kisha akasema hakimu alihesabu mashahidi badala ya kuwapima, akamwachia kaka huru. Nililia kwa furaha bila kujali nani ananitazama.

Nje, wale watatu hawakuonekana. Safari hii walikimbia bila ng'ombe. Jirani alibaki peke yake ngazini, hajui aende wapi. Mama akamwendea moja kwa moja, nami nikamfuata mbio, maana namjua mama akikasirika. Lakini alimshika mkono.

"Mwanangu," akamwambia, "wanaume wote wa uwanja ule, weye peke yako ndo uliyethubutu kusema ulikimbia. Neno lako limenirejeshea mtoto."

Jirani alimtazama kaka, akamtazama mama, machozi yakimlenga.

"Mama," akasema, "mie nlikimbia hasa."