Ukuta wa Upande wa Akina Mama

Kanisa analosali mama yangu liko juu ya kilima kidogo, kando ya barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Kendu Bay. Kwa miaka mingi nililijua kama mtu anavyoijua sura ya shangazi yake, bila kuitazama. Nilianza kulitazama pale kamati ilipoamua kufanya sherehe ya kuadhimisha kuanzishwa kwake, ikaniomba niandike historia yake na kuisoma mbele ya askofu. Mimi huishi Migori na kazi yangu ni kuandika habari, kwa hiyo hawakuona haja ya kutafuta mtu mwingine.

Nilienda Jumamosi nne mfululizo, na daftari na futi ya fundi. Mmisionari aliyelijenga alikuwa na mchoro wa kanisa la kwao Uingereza, la enzi za Malkia Victoria, yule yule ambaye ziwa letu lilipewa jina lake. Hakubadilisha kitu. Madirisha ni membamba na yana ncha juu, kana kwamba huku kwetu mwanga ni kitu cha kupimiwa. Paa lina mteremko mkali wa kumwaga theluji ambayo haijawahi kuanguka hapa. Mawe yalichongwa na watu wa kijiji, na alama za patasi bado zinaonekana ukipitisha kidole. Ndani kuna baridi hata saa saba mchana, na ukikohoa, kikohozi chako kinakurudia kutoka madhabahuni.

Jumamosi ya tatu nilifungua sanduku la bati katika chumba cha kuvalia majoho. Ndani mlikuwa na daftari la mmisionari mwenyewe. Aliandika kwamba kuta zilianza kuachana muda mfupi baada ya ujenzi. Upande wa kaskazini umekaa juu ya mwamba, lakini upande wa kusini umekaa juu ya udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kufura mvua ikija. Kwa hiyo alipitisha vyuma vinne kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya vichwa vya waumini, akavifunga kwa nje.

Niliinua macho. Hapakuwa na chuma. Palikuwa na dari mpya ya jipsamu, nyeupe, yenye taa za buluu pembeni, mchango wa watoto wa kanisa walio ng'ambo.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, alikuwa nje akisimamia kupakwa rangi.

"Mwalimu, vile vyuma vya juu vilienda wapi?"

"Vile vya popo?" Akacheka. "Tulivikata. Jipsamu ingekaaje na vyuma katikati? Viwili viko kwenye geti. Si umepita hapo ukiingia?"

"Vilikuwa vinashika kuta."

"Ukuta wa mawe ushikwe na kachuma kama kale? Kijana wangu, wewe ni mtu wa kalamu. Kaa na kalamu."

Nilizunguka upande wa kusini. Juu ya dirisha la tatu kulikuwa na ufa, na rangi mpya ilikuwa imepita juu yake bila kuuziba.

Juma lililofuata nilimleta fundi mwashi kutoka Homa Bay, mzee aliyekwisha kustaafu. Aliteremsha timazi, uzi wenye kizito nchani, kutoka juu ya ukuta. Kwa chini uzi ulikuwa mbali na mawe kwa upana wa vidole vinne. Kisha akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji, akaniambia nirudi kukitazama. Siku ya tisa nilikikuta kimekatika katikati, na hakuna aliyekigusa.

Nilimpigia fundi simu. "Huo ukuta unaenda nje pole pole," akasema. "Paa linausukuma, na sasa hakuna kinachouvuta."

"Utaanguka lini?"

"Wakati wa kiangazi unapumzika. Mvua ikija, udongo ukifura, hapo sijui. Lakini mimi mke wangu nisingemkalisha hapo."

Anayekaa hapo, chini ya dirisha la tatu, ni mama yangu. Katika kanisa letu akina mama hukaa upande wa kusini, na mwanamke aliyeolewa hurithi nafasi ya mama mkwe wake. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini mgeni akikosea akaketi, ataguswa bega kwa upole mpaka aondoke.

"Mama, Jumapili kaa nyuma, karibu na mlango."

"Nyuma wanakaa wanaotoroka kabla ya sadaka."

"Ukuta ule ni mbaya."

"Nyathina, mwanangu, nyanyako alikaa hapo mpaka macho yakazima, akaniachia. Nikihama watauliza nani amenifukuza."

Nilirudi kwa mwenyekiti na kipande cha kioo mkononi. Safari hii hakucheka. Alikigeuza geuza, akasema barua za mwaliko zimeshatoka, na kwamba vyuma vitarudishwa baada ya mvua. Nilimwambia mvua ndiyo hatari yenyewe. Akanirudishia kioo changu.

Siku ya sherehe kanisa lilijaa mpaka watoto wakakaa sakafuni. Nilisoma historia: mchoro, mawe, sanduku. Nilipofika kwenye vyuma nilisema vilikokwenda, nikataja vidole vinne, nikasema sitasoma sehemu iliyobaki mpaka tutoke nje. Kisha askofu alitazama juu, akachukua fimbo yake, akatoka, na watu wakamfuata. Mama alikuwa wa mwisho. Alinipita bila kunitazama.

Ibada iliendelea nje, kwenye jua kali. Tulikaa saa tatu tukiutazama ukuta, nao haukutikisika.

"Nabii!" mwanamke mmoja wa kwaya aliniita wakati wa chakula. "Mwambie ukuta wako uharakishe, tumeungua."

Nilicheka nao. Lakini niliona wazi nilichokuwa nimefanya. Neno langu nilikuwa nalo moja tu, na nilikuwa nimelitumia siku ya kiangazi. Jumapili iliyofuata wote walirudi ndani, na mama akarudi chini ya dirisha lake.

Tangu wakati huo, kila Jumapili saa saba, napiga simu kutoka Migori. Namuuliza habari za mahubiri, za magoti yake, za kuku. Juma lililopita mvua ilianza, ikanyesha siku nne bila kupumzika. Jumapili simu iliita muda mrefu kabla hajaishika.

"Mbona leo mmechelewa kutoka?"

"Si kutoka, ni kuingia tulichelewa. Mlango umekataa kufunguka. Umebana juu, sijui umekuwaje. Vijana wameusukuma kwa mabega, wanaume watano." Akacheka kidogo, kama mtu anayesimulia vituko vya ng'ombe mkaidi. "Lakini tuliingia."