Tuliokaa Nyuma ya Kitambaa

Tulikuwa watu wanne siku hiyo. Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na binti yangu wa kwanza, yule fundi wa nguo wa kule Mugutha anayeshona kwa mkono wa kushoto. Kulikuwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anayekaa mtaa wa Landless na kutembea na fimbo ambayo hata haimsaidii, ni ya kupigia maneno tu. Na kulikuwa na mwenye makumbusho, mwalimu aliyestaafu. Huyo si wa ukoo wetu, ila anaimba na shemeji kwaya ya wazee kanisani. Majina yao wote nayajua, na ya waliowazaa. Siyaandiki hapa kwa sababu shemeji ameapa kwamba nikimwandika atakuja kwangu kijijini Theta na mchungaji.

Hayo makumbusho ni chumba kimoja hapo Thika, nyuma ya duka la misumari na rangi. Mwalimu alikusanya vitu vya sinema za kauboi tangu akiwa kijana: picha za ukutani, kofia pana, tandiko la farasi, mashine mbili za kuonyeshea sinema. Binti yangu aliziangalia akasema zinafanana na cherehani yake. Shemeji ndiye aliyetualika. Alikuwa anajivuna tangu mlangoni, maana mwalimu alikuwa amemwandika kwenye ukuta kama mzee aliyeshuhudia mambo.

Katikati ya chumba kulikuwa na sanamu ya kuvalishia nguo, kama zile za madukani, imevishwa kama kauboi mzima, na bastola ya mbao kiunoni. Niliizunguka mara mbili.

"Mwalimu," nikasema, "huyu umemvalisha vibaya. Bastola inakaa kushoto. Kauboi anatumia kushoto."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, na wewe kauboi ulimjulia wapi? Jikoni?"

"Ni kulia, mama," mwalimu akasema kwa upole, kama anayesahihisha mtoto. "Karibu wote ni kulia."

Niliwaza labda ni uzee. Nikaenda kwenye ukuta, kwenye karatasi kubwa inayoeleza jinsi sinema ilivyokuwa ikiletwa kwenye mashamba ya kahawa. Mimi kusoma nilijifunza ngumbaru, kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari nina watoto, kwa hivyo nasoma pole pole kama anayechambua maharagwe. Mwisho kabisa nikakuta jiwe. Palikuwa pameandikwa: Wanawake hawakuhudhuria.

"Nani amesema hivi?"

"Ni mimi," shemeji akajibu, bado anacheka. "Mimi nilikaa mbele kabisa. Sikuona mwanamke hata mmoja."

"Ungetuonaje, na kitambaa kiko katikati?"

Hapo damu ilinipanda. Acha nieleze vile ilivyokuwa, ili asije mtu mwingine akaandikwa ukutani kwa uongo.

Gari la sinema lilikuwa likija kwenye shamba letu la kahawa, karibu na Ruiru, jioni ya siku ya mshahara. Walifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo mbili, kando ya mashine ya kuosha kahawa. Wanaume walitoka kazini wakachukua viti vyao wakajaza mbele yote. Sisi tulitoka kazini pia, maana kahawa tulichuma sisi, lakini tulipitia kwanza kuni, maji, kupika githeri, na kuosha watoto. Tukifika tulimkuta nyapara na tochi yake. "Akina mama, upande ule!" Upande ule ulikuwa nyuma ya kitambaa, kwenye nyasi zenye umande. Tulikaa hapo na watoto mgongoni. Picha ilipenya kitambaa, tukaona. Upepo ukivuma, tumbo la farasi lilivimba kama ana mimba, tukacheka sisi peke yetu, na wanaume upande ule wakashangaa ni akina nani wanaocheka mahali pasipochekesha. Maandishi yalikuwa yamegeuka, lakini kwa mtu asiyesoma, maandishi yaliyogeuka na yaliyonyooka yana tofauti gani? Na kauboi wetu alichomoa bastola kwa mkono wa kushoto. Wote. Tukajua hao ni kabila la mkono wa kushoto.

Sasa, wakati huo binti yangu alikuwa mdogo, na kila kitu alikishika kwa kushoto. Mama mkwe wangu hakupenda. Kwao chakula hakiguswi kwa mkono huo. Alikuwa akimfunga mtoto mkono wa kushoto kwa kipande cha leso kabla ya kula, na mtoto alilia juu ya chakula mpaka uji ukapoa. Mimi nilikuwa mke mchanga, ningesema nini? Halafu jioni moja tulitazama mtu wa farasi akifukuza wezi wa mji mzima kwa ule mkono wake. Tukikimbilia nyumbani kwa njia ya mkato, mama mkwe aligeuka mara kwa mara kumtazama mtoto. Asubuhi alichukua ile leso akafungia kuku miguu. "Mwacheni," akasema. "Kama mji mzima unategemea mkono wa kushoto wa kauboi, huyu wetu atashindwa na kijiko?" Hakuna aliyemfunga tena. Mwalimu wa shule alipomchapa kwa kuandika kwa kushoto, ni huyo nyanya yake aliyekwenda shuleni, na hakwenda kuomba msamaha.

Hayo yote niliyasema pale makumbusho, tena kwa sauti. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akateremsha kitambaa chake cheupe, akafunga dirisha, akawasha mashine. Kauboi akatokea, akachomoa bastola kwa kulia.

"Njooni nyuma," mwalimu akasema.

Tukaenda nyuma ya kitambaa sote wanne, tumebanana na ukuta. Kauboi yule yule akachomoa kwa kushoto.

Shemeji alipiga fimbo sakafuni. "Hii! Kumbe miaka hii yote mlidanganywa na kitambaa!"

Binti yangu akainua mkono wake akautazama, mwanga wa sinema ukiuchezea. "Kwa hivyo, mama, huu mkono wangu ulifunguliwa kwa makosa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ya shemeji. Nikamwambia, "Hakuna makosa. Walituweka nyuma, tukaona ya nyuma. Na ya nyuma ndiyo yaliyokufungua. Waliokaa mbele walikusaidia nini?"

Kisha nikamgeukia shemeji. Sikumwacha apumue.

"Na wewe niambie. Asubuhi ile mama yako alipofungia kuku ile leso ulikuwa umekaa mlangoni unakunywa uji. Ulimcheka. Ulimwambia nini?"

Akakuna kichwa. "Nilimwambia ameota."

"Kwa nini ulisema ameota?"

"Kwa sababu kauboi si wa kushoto. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu."

"Ehe. Sasa mama yako alimtoa wapi kauboi wa mkono wa kushoto, kama hakuwa nyuma ya kitambaa?"

Mashine ilikuwa bado inalia trrr. Shemeji akashika ukingo wa kile kitambaa. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Mama hakuniambia alikuwa anakuja," akasema.

"Ulimuuliza? Ulimkuta nyumbani akikupakulia. Alikuwa anakimbia njia ya mkato ili ukute chakula cha moto."

Mwalimu akasema atachapisha karatasi nyingine, nzuri, wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo mimi huenda nikawa kaburini, na hiyo ya uongo iko hapo inasomwa. Alete kalamu. Binti yangu akaichukua kwa ule mkono wake, akakata yale maneno mawili, akaandika juu yake: Wanawake walikaa nyuma ya kitambaa.

"Ongeza jina la mama," shemeji akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Namhurumia, lakini hata hapo alinikasirisha. Mama yake tu? Na wale wengine walioketi kwenye umande, si mama za watu? Nikamwambia binti aandike mama mkwe kwanza, halafu nikamtajia wote, kila mmoja na mtoto aliyembeba mgongoni, kuanzia upande wa mashine ya kahawa hadi kwenye nguzo ya mwisho. Karatasi ilijaa akaandika pembeni, akazungusha mpaka juu. Mwalimu alitaka kusema inaharibika, nikamtazama, akaishikilia isiteleze.

Iko hapo hata leo, na majina yote. Kama nimemkalisha mtu mahali ambapo hakukaa, au nimempa mtoto asiye wake, au nimemsahau, nitumieni neno Theta nirekebishe, nitashukuru. Lakini anirekebishe aliyekuwa upande wetu. Waliokaa mbele nimeshawasikia.