Ngazi ya Dungu la Bibi

Bibi yangu mzaa mama aliishi msimu mzima juu ya dungu. Kwa asiyefika bonde la Rufiji, dungu ni kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba la mpunga. Unalala huko, unapika huko, na ni huko unakoamia ndege wasile mpunga. La bibi lilikuwa refu kiasi kwamba ukiwa juu, nasema mimi, unaona moshi wa Dar es Salaam. Alipanda na kushuka kutwa, mzee ambaye meno yalishamuaga.

Mwaka ule akateleza ngazini akateguka kifundo cha mguu. Ni hilo tu. Lakini mimi nilikuwa na duka Nyamwage, pale barabarani, enzi za ruksa ya biashara, bidhaa zinamiminika, na nilikuwa na cheti cha shule ya jioni nilichokipata nikiwa na ndevu na watoto wawili. Mwenye cheti hashauriwi. Nikaenda kumchukua.

"Mume wangu," akasema, maana kwetu bibi na mjukuu ni mke na mume kwa utani, "unanipeleka wapi na mpunga ndio unatia maziwa?"

"Nakupeleka ukapumzike, bibi."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Shamba akaachiwa jirani. Nikamnunulia bibi kiti cheupe cha plastiki, cha kwanza Nyamwage kama si Tanzania nzima. Mke wangu alimpikia, alimwogesha, alimpelekea maji mpaka mdomoni. Ukindu wake wa kusukia mikeka niliuweka juu ya kabati, nikidai unamharibia macho.

"Mke mwenzangu," alikuwa akimwomba mke wangu, "nipe japo mchele nichague."

Nami nadakia kutoka dukani: "Bibi, kaa." Neno hilo nililisema mara elfu kwa siku, na kila mara nikajiona mjukuu bora.

Mvua zilipokatika, bibi hakuweza tena kuinuka kitini bila kushikwa. Nikasema ni uzee. Alasiri moja mke wangu yuko kisimani, mimi nina wateja, bibi akaita apelekwe chooni. Nilipokwenda nilikuwa nimechelewa. Nilimkuta kiti kimelowa, kanga imelowa, anautazama ukuta.

"Mwanangu," akasema, "nisamehe."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilingoja utani, haukuja. Nikaenda kumtafutia kanga kavu.

Kesho yake nilimfikisha zahanati. Mganga alikuwa mama mmoja wa kutoka bara, mpole, mikono mizito. Akaukunja mguu, akaunyoosha.

"Huu ulipona zamani. Anafanya nini kutwa?"

"Hafanyi kitu," nikajibu kwa fahari.

"Basi hayo ndiyo maradhi yake. Mguu usiotumika unaisha nguvu, na wa mzee unaisha upesi. Mrudishieni kazi kidogo kidogo. Ainuke mwenyewe, atembee, ale samaki na kunde, si uji peke yake. Na mmemuuliza anataka nini?"

Hatukuwa tumemuuliza. Nikamuuliza pale pale.

"Nataka niamie mpunga wangu msimu ujao," bibi akasema.

Tukaanza. Ukindu ukashuka kabatini. Mke wangu akauhamishia mtungi upande wa pili wa ua, ili mwenye kiu aufuate. Kila asubuhi bibi alijaribu kuinuka kitini peke yake, mikono imekishika kiti, nami nasimama karibu nimeficha yangu mifukoni. Kuna siku alilia. Kuna siku nililia mimi, nikasingizia moshi wa jikoni. Baadaye akafika mlangoni, akafika kwa jirani kupiga soga, na huko akawa harudi mpaka aitwe.

Mpunga ulipokaribia kutia maziwa nilishauri tuzikate nguzo, dungu liwe fupi.

"Ili nguruwe wa porini waje kunywa chai na mimi?"

Basi nikatengeneza ngazi mpya, vipandio karibu karibu, na mti wa kushikia kila upande.

Siku yenyewe alisimama chini ya ngazi muda mrefu, akiitazama. Akaweka mguu. Akapumzika. Akaweka mwingine. Nilikuwa nyuma yake, mikono nimeinyoosha kama mtu anayesubiri kudaka nazi, na moyo wangu, Mungu shahidi, ulisikika mpaka Kibiti. Katikati akasimama. Nikaona mashavu ya miguu yanacheza.

"Bibi, shuka, tutajaribu kesho."

Akapanda kipandio kimoja, kisha kingine, akaingia kwa magoti, akakaa mlangoni mwa dungu anahema. Ndege wale, kweleakwelea, walikuwa wameshatua kwenye mpunga. Akaishika kamba iliyofungwa makopo ya kuwatishia, akaivuta, wakaruka wote.

"Mume wangu," akaniambia kutoka juu, "shusha hiyo mikono uende dukani."

Nikaishusha.