Buti za Jitka

Drahuše hakuwa mwoga. Naanza na hilo makusudi, maana nikishasimulia hofu ya safari ile mtu atadhani alikuwa wa kutetemeka ovyo. Tulishona viatu pamoja miaka mingi, mashine yake na yangu zikitazamana, na nilimshuhudia akimfokea msimamizi mbele ya idara nzima hadi yule bwana akaenda kujifungia ofisini. Mdomo alikuwa nao. Na mikono je! Ungemfunga macho ukampa kiatu, angeingiza vidole ndani na kukutajia namba. Wengi wetu kiwandani tuliweza, lakini yeye hakukosea.

Safari tulipewa na chama cha wafanyakazi, kiangazi cha mwaka themanini na tatu: basi zima, kwenda Vienna, Salzburg, Venice, na kurudi tena kupitia Vienna. Ng'ambo ya waya wa miiba wa mpaka wetu, nchi za Magharibi! Watu walisubiri maisha yao yote wasiipate nafasi hiyo. Drahuše na mumewe Bohumil waliipata wote wawili, na sharti lake hakuna aliyelitamka: mtoto anabaki. Binti yao Jitka, mwenye miaka minane, aliachwa kwa bibi yake. Hivyo ndivyo serikali ilivyokuwa na hakika kwamba wazazi watarudi. Asiyerudi alihesabiwa mhalifu, na waliobaki nyumbani ndio walioandamwa.

Kiongozi wetu alikuwa Ndugu Kubát, mtu wa jasho, na pasipoti zetu zote alizifunga kwenye mkoba kiunoni. Kila basi liliposimama alituhesabu kama kuku.

"Ndugu zangu, msitawanyike! Mtu asiende hata chooni peke yake!"

"Basi njoo wewe, Ndugu Kubát, unishikie sketi," nilimjibu.

Basi zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka, maskini. Mmoja wetu akipotea, kazi yake imekwenda, na alilijua hilo usiku na mchana.

Bohumil naye alicheka kidogo kwa adabu, akaendelea kutazama dirishani. Alikuwa fundi wa mashine, mpole, mtu wa kupima mara tatu ndipo akate. Hata kulipanga sanduku la safari alilipanga yeye, mkewe asiguse.

Venice tulilala kwenye hoteli ndogo nje ya mji. Chakula tulikuwa tumebeba kutoka nyumbani, makopo ya nyama, soseji kavu, supu za unga, kwa sababu fedha za kigeni tulizopewa hazikutosha kukaa mgahawani. Kila chumba kilichomeka hita yake ya kuchemshia maji ndani ya kikombe, kwa siri, wenye hoteli wasijue. Jioni ile tulichomeka sote kwa wakati mmoja. Pah! Hoteli nzima giza. Huko chini nikasikia matusi ya Kiitaliano, na sauti ya Ndugu Kubát ikiomba radhi kwa Kicheki.

Mlango wangu ukafunguliwa bila hodi.

"Květa, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Mwenzangu ameshuka kuangalia Waitaliano wanavyofoka. We shoga, mbona meno yanagongana?"

Drahuše akaja akipapasa hadi kitandani. "Nilikuwa natafuta tochi kwenye sanduku la Bohumil. Chini kabisa, chini ya mashati, nimeshika buti."

"Buti gani?"

"Za baridi. Zenye manyoya, nimeyagusa ukingoni tu."

"Mwezi wa saba?"

"Jozi tatu, Květa. Zake, zangu, na za Jitka."

Hakuna mtu anayebeba buti za manyoya kwenda Venice kwenye joto lile, isipokuwa aliyekusudia kuwa huko theluji ikianguka. Na kujua jambo la namna ile bila kuripoti kulikuwa kosa pia. Nikasema, "Sijasikia kitu. Hujaniambia kitu, unanielewa?" Lakini mkono wake nilikuwa nimeushika, wa baridi, na sikuuachia mpaka taa ziliporudi.

Kesho yake tulitembezwa mjini. Mwongozaji alitusomesha habari za makanisa na watawala, na mimi nilimwona Bohumil akimvuta mkewe pembeni, juu ya daraja, akimnong'oneza kwa muda mrefu huku Ndugu Kubát akiwahesabu wengine upande wa pili. Drahuše alikuwa akitikisa kichwa. Halafu akaacha kutikisa.

Aliniambia ndani ya basi, tukiwa safarini kurudi, mumewe amelala kwenye kiti cha mbele yetu.

"Anasema tukipita Vienna tunashuka na hatupandi tena. Ana binamu yake pale. Anasema Msalaba Mwekundu watatuletea Jitka kabla ya Krismasi."

"Na wewe umesemaje?"

"Naogopa, Květa. Nikikubali naogopa, nikikataa naogopa. Akienda peke yake nimempoteza mume. Nikienda naye namwacha mtoto. Lakini kabla ya Krismasi. Miezi mitano. Miezi mitano si mtu anavumilia?"

Nikamtazama nikajua ameshakubali. Kila Ndugu Kubát alipogeuka kututazama, nilidhani ameisoma ile habari usoni mwangu.

Vienna tukapewa saa moja mbele ya kanisa kuu. Bohumil alishuka na begi lililotuna, akampa mkewe alishike, akaenda kutazama kama barabara ya nyuma ni nyeupe. Drahuše alikaa kwenye benchi, mimi kando yake, nikijifanya nahesabu mawe ya mnara. Alifungua zipu. Nadhani alitaka tu kugusa kitu cha mtoto wake. Akaingiza mkono ndani ya buti ndogo, vidole vikafika mwisho, vikabaki huko huko.

Bohumil akarudi anahema. "Twende, mama. Sasa hivi."

"Bohumil, Jitka anavaa namba ngapi?"

"Ah, sasa hayo ni ya kuulizana hapa?"

"Namba ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Hizi ni thelathini na nne."

Bohumil akasema polepole, "Atakua."

"Mguu wa mtoto haukui namba tatu kwa miezi mitano! Mimi ndiyo kazi yangu hii! Hii ni miaka miwili, Bohumil. Ulisimama dukani kule nyumbani, umeshika hizi buti, na ulijua ni miaka miwili."

"Labda miwili. Labda pungufu. Serikali inawachelewesha watoto makusudi." Machozi yalikuwa yanamtoka, na nilimwonea huruma huku natamani kumzaba kofi. "Ningekwambia ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Akazitoa zile buti ndogo, akazibana kwapani, akamrudishia begi na vyote vilivyobaki. Akamshika mumewe shavuni. "Twende nyumbani, baba."

"Nikirudi sitatoka tena," alisema Bohumil. "Siwezi, mama. Siwezi."

Tukarudi kwenye basi wawili. Ndugu Kubát alihesabu, akahesabu tena, jasho likimdondoka kwenye mkoba wa pasipoti. Akaja akasimama mbele ya kile kiti kitupu.

"Mama, mumeo yuko wapi?"

"Sijui, Ndugu Kubát."

"Tafadhali, mama. Nina watoto watatu."

"Sijui."

Tulingoja hadi dereva akakataa kungoja zaidi. Drahuše aliweka buti mapajani akazikumbatia, na mimi niliomba Mungu Drahuše asigeuke kutazama dirishani, kwa sababu Bohumil alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na begi lake. Hakugeuka.

Mpakani askari walimshusha Drahuše peke yake. Ofisa kijana alizichukua buti, akazigeuza, akausoma muhuri wa kiwanda chetu kwenye soli.

"Mmetoka nazo nyumbani," alisema. Halikuwa swali.

"Za binti yangu," Drahuše akajibu.

Walimrudishia buti wakamchukua yeye. Siku ya tatu alirudi, midomo imepasuka kwa kuumwa na meno yake mwenyewe, akaondolewa kwenye mashine na kupewa ufagio wa uani. Mimi nami niliitwa kuhojiwa. Nilisema nilikuwa natazama mnara.

Krismasi ilikuja ikapita. Bohumil alituma maombi ya mtoto, yakakataliwa. Akatuma tena, yakakataliwa. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Kila tarishi wa posta alipogonga mlango, Drahuše alishika kwanza ukuta ndipo akafungua.

Majira ya baridi ya mwaka themanini na tano theluji iliwahi. Nilikuwa jikoni kwao asubuhi ile, Jitka akilalamika kwamba viatu vyake vinamfinya. Drahuše alipanda kiti akafungua kabati la juu, akashuka na zile buti zimefungwa kwenye gazeti. Akapiga magoti kumvalisha, akafunga kamba, akabonyeza ncha kwa kidole gumba kama tunavyofanya sisi. Ilibaki nafasi ndogo tu ya vidole kucheza, sawasawa kabisa.

Jitka akatembea hadi dirishani na kurudi. "Zinanitosha, mama! Ulinipima lini?"

"Si mimi niliyekupima," alisema Drahuše. "Ni baba yako."

Mtoto akatoka mbio kucheza kwenye theluji, na yeye akabaki pale pale chini, amepiga magoti, gazeti mkononi.