Sahani ya Firdausi

Mjini Kasulu, mtaa wa nyuma ya soko, hakuna asiyejua kwamba Safina anapika. Si kupika kwa kushibisha tumbo tu, hilo kila mwenye mafiga analiweza. Safina alizaliwa Pangani, akafunzwa na shangazi zake kukuna nazi kabla hajajua kuandika jina lake, na alipoolewa na Nurudini, mwenye duka la rejareja, alipanda milimani na mbuzi yake ya kukunia ndani ya sanduku kana kwamba minazi inaota Kasulu. Majirani walimcheka, naye akacheka nao. Akajifunza mawese, akajifunza mboga ya lengalenga na dagaa wa Kigoma, akavipika kwa mkono wa kwao. Haikuchukua muda wanawake wa mtaani wakawa wanapita jikoni kwake kuomba chumvi, na wote walikuwa na chumvi nyumbani.

Ndiyo maana ilimchoma sana aliposhindwa na mtoto wa miaka minne.

Mtoto mwenyewe aliitwa Firdausi, binti ya Nurudini kwa mke wake wa kwanza, Adija, aliyefariki mtoto akiwa bado ananyonya. Bibi yake mzaa mama, Generosa, alimchukua akamlea kwake Munanila, kule juu karibu na mpaka wa Burundi. Umri wa chekechea ulipofika, Nurudini akasema sasa mtoto akae kwa baba yake. Generosa hakukataa, ila aliweka neno lake bayana: "Idd nitakuja kumwona. Nikimkuta amekonda, narudi naye." Nurudini akakubali. Safina, ambaye miaka yake ya ndoa ilikuwa inapita bila kubeba mimba, alikuwa amekubali hata kabla hajaulizwa. Alishamshonea mtoto gauni, alishamnunulia kikombe chenye picha ya sungura, na moyoni alishajiita mama.

Firdausi aliletwa siku ile ile mwezi wa Ramadhani ulipoandama.

Kesho yake adhuhuri Safina akampakulia wali na mchuzi wa kuku, akamnawisha mikono, akamkalisha kwenye mkeka na kumwambia, "Haya mama, bismillahi." Kisha akaondoka kwenda kuanua nguo. Kwao Pangani ndiyo adabu yenyewe: anayekula humkodolei macho, na sahani uliyompa mtu hutii mkono wako humo hata kama ni mtoto. Aliporudi, mtoto alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, na wali umepoa. Safina akajiambia ugeni una mambo yake, utapita.

Haukupita. Uji wa asubuhi ulibaki na ngozi juu. Ndizi za mchana zilibaki. Jioni mtoto wa shamba analala na kuku. Jua likizama, saa ambayo wakubwa wanafuturu, Firdausi alikuwa hoi kitandani na tumbo lake tupu. Alichokubali ni maji ya bombani na biskuti. Nurudini, ambaye hakuweza kumwona mwanawe akikaa na njaa, alikuwa anamletea pakiti kutoka dukani, na mtoto aliichana mwenyewe kwa meno na kula zote. Mara moja, wakipita sokoni, alikula pia hindi la kuchoma kwa mama mmoja aliyekuwa anatafuna huku anauza. Alilila mpaka gunzi.

"Unaona?" Nurudini akasema. "Anapenda utamu tu huyu. Mtilie sukari."

Safina akatia sukari. Akapika tambi za sukari na visheti, akatia asali ya Kibondo kwenye uji mpaka kijiko kikasimama. Mtoto aliangalia vyote hivyo kwa adabu kubwa, kama mtu anayeonyeshwa nguo ambazo hana nia ya kununua.

Maneno nayo hayakukawia. Jirani yake Tunu, mwanamke mwema ambaye ubaya wake ni mdomo tu, alimwambia wazi: "Shoga yangu, mie nakujua. Lakini watu wanasema mama wa kambo anakula Ramadhani, mtoto ndiye anayefunga." Safina akacheka mpaka Tunu akaondoka. Halafu akaingia chumbani akalia. Iliuma zaidi kwa sababu hakuwa na la kujitetea: mtoto alikuwa anakonda kweli, na shingo yake ilikuwa inaanza kuonekana ndefu.

Akampeleka kliniki. Nesi Recho, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Kasulu, alimpima uzito, akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi. Ukasimama kwenye njano. "Bado hajafika kubaya," nesi akasema, "lakini tusingoje. Biskuti na sukari acha, mama. Zinamjaza tumbo na kumfukuzia njaa. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, vitu vya rangi rangi anavyoweza kushika mwenyewe. Viazi lishe, parachichi, mayai, karanga, mboga. Na mtoto anapenda kula na wenzake. Mnakula naye pamoja?"

"Nesi, na Ramadhani hii?" Safina akajibu, na wote wawili wakacheka, wakaendelea na habari ya mboga.

Basi Safina akarudi nyumbani akapiga moyo konde. Kilichofuata, lau kingekuwa mashindano, angepewa kombe. Alichemsha viazi lishe, akavikata vijiti vya kushikika, vikalala sahanini kama jua la asubuhi. Alisaga dagaa waliokaangwa kavu, akawachanganya na viazi na kitunguu, akafinyanga katlesi ndogo za kuingia kinywani nzima nzima. Alipika chapati za maji zenye mchicha ndani, zikatoka kijani, akazikunja na yai. Alitwanga karanga, akazikoroga kwenye uji wa ulezi pamoja na ndizi mbivu badala ya sukari. Harufu ilivuka ua, na watoto wa Tunu wakaja bila kuitwa, wakala huku wanaruka. Wao walikuwa wamekula tayari kwao.

Firdausi alinyoosha kidole akagusa katlesi moja, kisha akainua macho kumtazama Safina. Akamtazama muda mrefu. Safina naye, akiogopa kumtia haya, akageukia dirishani. Alipogeuka tena, mtoto alikuwa amerudisha mkono mapajani.

Ni macho yale ndiyo yaliyomnyima Safina raha. Kila mlo yalikuja hivyo: kwenye chakula kwanza, kisha usoni kwake, yakangoja. Alidhani ni chuki. Alidhani mtoto anamtafuta mama yake mzazi katika uso wa mtu mwingine na kumkosa, na katika hilo hakumlaumu. Lakini unapika nini cha kuziba pengo kama hilo? Safina hakujua, na alianza kuiogopa saa sita mchana kama mtu anavyoogopa mtihani.

"Tumrudishe tu," Nurudini akasema asubuhi moja, akiwa anafunga viatu ili asimtazame mkewe. "Labda hapa hapamfai. Mwakani tutajaribu tena."

"Ngoja Idd," Safina akasema. "Baba Firdausi, nakuomba. Idd yenyewe bado."

Alijua mwakani haitakuwapo. Mtoto akirudi Munanila kwa sababu ya njaa ya nyumba ile, Generosa hatamtoa tena.

Ramadhani ilipofika katikati, siku zake Safina za mwezi zikafika, na mwanamke aliye katika siku zake hana saumu. Anakula, ila kwa siri, maana watoto wa mtaani wakimwona hawaulizi sababu. Watamwita kobe mpaka mwezi uishe. Siku hiyo, baada ya kumwachia Firdausi sahani yake kwenye mkeka, Safina akajipenyeza jikoni, akarudishia mlango, akakaa kwenye kigoda na kipande cha kiazi lishe na nusu ya parachichi. Njaa haina adabu. Alijaza mashavu.

Mlango ukafunguka. Firdausi alikuwa amesimama kizingitini, ameshika sahani yake kwa mikono miwili.

Safina aliganda. Hakuweza kumeza, hakuweza kutema. Mtoto alimtazama mdomoni, akashusha macho kwenye sahani yake, ambayo ilikuwa na kiazi kile kile na parachichi lile lile, akayarudisha macho mdomoni mwa Safina.

"Kumbe nawe unakula?" akauliza.

Safina akameza kwa shida. "Nakula, mama."

Firdausi akaingia, akakaa chini kwenye sakafu, akasogeza sahani katikati yao. Akachukua kijiti cha kiazi, akampa Safina. Safina akakila. Hapo mtoto akachukua cha pili, akatia kinywani mwake, akatafuna. Akachukua kingine, na kingine, kisha akachovya vidole kwenye parachichi na kuvilamba hadi kwenye kiganja. Safina aliogopa hata kupumua kwa nguvu, machozi yakawa yanamtiririka huku anatafuna.

Sahani ilipokwisha ndipo alipouliza taratibu, "Mbona siku zote ulikuwa huli, mwanangu?"

"Hukuonja," mtoto akasema, kana kwamba mtu mzima anauliza maji huteremkia wapi. "Bibi alisema, mtu akikupa chakula na yeye hakionji, usikile."

Kule milimani ndivyo watu walivyo. Pombe ya mgeni, mwenyeji huinywa kwanza; chakula cha mgeni, mwenye nyumba humega tonge la kwanza, ili moyo wa anayekula utulie. Generosa alimlea mjukuu wake hivyo, na alipomuaga aende kwenye nyumba ya mwanamke asiyemjua, alimkumbusha. Nurudini, mzaliwa wa Kasulu, aliijua desturi hiyo tangu utoto, ila alikuwa anashinda dukani na hakuwahi kukaa mbele ya sahani ile. Na Safina kwa adabu zake za Pangani, juu yake saumu, alikuwa amepika wiki mbili vyakula vizuri kuliko vyote alivyowahi kupika, na mbele ya mtoto hakuwahi kutia hata punje mdomoni. Macho yale hayakuwa ya chuki. Yalikuwa yanamwomba aonje.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Safina alikuwa anajificha jikoni mwake siku ile alipopata mtoto.

Siku zile chache walikula pamoja nyuma ya mlango uliofungwa, wakicheka kimyakimya kama wezi wa karanga. Firdausi alipenda katlesi za dagaa kupita vyote. Chapati za kijani aliziita majani, akazila vilevile. Kisha siku za Safina zikaisha, saumu ikarudi, na hofu ikarudi nayo.

Safina akaona asimdanganye. Akakaa naye mkekani, akamwambia, "Leo nimefunga. Si kwamba nakikataa chakula chako, ni kwa ajili ya Mungu. Sitakula mpaka jua lizame."

Mtoto akafikiri. Akazigawa katlesi sahanini kwa kidole, nusu huku, nusu huku. Akala za upande wake, polepole, huku anamtazama. Alipomaliza akafunika zilizobaki kwa kawa. "Hizi zako," akasema. "Nitakuona."

Jioni ile hakulala na kuku. Alikaa kizingitini anapepesuka kwa usingizi mpaka adhana ikalia, akamletea Safina sahani mwenyewe. Safina alifungua kinywa kwa katlesi zilizopoa na zilizoguswaguswa, mtoto akimhesabia kila tonge kwa macho. Ndivyo walivyomaliza mwezi. Nurudini alisema hajawahi kuona mtu aliyewekewa mkaguzi wa futari, akaacha kuleta biskuti.

Asubuhi ya Idd Generosa akashuka kutoka Munanila, amevaa kitenge chake kizuri, na kikapu cha maharage kichwani. "Mwakeye," akasalimia kwa Kiha, akiwa tayari anamtafuta mjukuu wake kwa macho. Akamvuta akampakata, akamshika mkono, akauzungushia vidole vyake, na uso wake haukubadilika. Kusema kweli, Firdausi hakuwa amenenepa. Utepe wa nesi Recho ulikuwa bado unasita ukingoni mwa njano, maana wiki mbili za njaa hazilipwi kwa wiki mbili za kula. Nurudini akatazama viatu vyake.

"Karibu ule, mama," ndilo pekee aliloweza kusema. Akaleta sinia: pilau, viazi lishe, lengalenga za karanga, na katlesi zikiwa zimepangwa pembeni. Akaliweka mbele ya mgeni. Kwa sekunde ile akasahau yote aliyojifunza, akarudi nyuma hatua moja, kama alivyofunzwa na shangazi zake.

Generosa akalitazama sinia. Kisha akainua macho kwa Safina, akangoja. Macho yalikuwa yale yale.

Kabla Safina hajakumbuka, Firdausi alijichomoa mapajani mwa bibi yake, akaja kukaa upande wa pili wa sinia, upande wa wenye nyumba. Akachukua katlesi, akaitia mdomoni, akatafuna wote wanamwona, akameza. Akalisukuma sinia mbele.

"Kula, bibi," akasema. "Nimeshaonja."

Generosa alinawa mikono, akamega, akala, akamega tena. Habari ya kurudi Munanila na mtoto haikutajwa siku ile, wala haijatajwa tangu hapo. Safina alisema anakwenda kuchota maji ya kunywa, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda chake.